Mzimu wa Kwenye Bango la Mama Mkwe

Mwanangu Nasra leo amegoma kuingia chumbani kwa bibi yake, eti anaogopa mzimu wa ukutani.

Na kesho naanza zamu ya usiku huko Kwala. Lazima alale humo.

Mzimu wenyewe upo kwenye bango la sinema ya kutisha na kuchekesha. Mama mkwe alipewa enzi za Ujamaa, gari la sinema lilipofika kijijini kwao.

Nikambeba mwanangu, tukalitazama vizuri. Rangi ni mbili tu. Usiku mweusi, maandishi mekundu, jamaa anakimbia hadi kiatu kimemvuka.

Sasa mbona mzimu ni mweupe, na rangi nyeupe hakuna?

Nikasogeza uso. Kumbe mchoraji hakuuchora mzimu kabisa. Kapaka giza pembeni, katikati kaacha karatasi tupu.

"Gusa hapa, mwanangu. Kuna mtu?"

"Hamna."

"Basi utalala hapa."

Akapanda kitandani mwenyewe.

Mama mkwe akavaa miwani, akalisogelea bango.

"Kwa hiyo miaka yote hii nalala na mtu ambaye hayupo? Mama Nasra, literemshe hilo."

Ninalo mkononi. Jamani, nani ana ukuta?