Picha Aliyoichagua Baba

Baba alikuwa mpishi huko Loresho, Nairobi, kwa mama mmoja Mbelgiji. Alilala chumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba. Sisi tuliishi na Mama magharibi mwa Kenya, tukimwona Baba Desemba tu. Mwajiri wake alipokuwa akirudi kwao, alimwambia achague kitu kimoja aondoke nacho. Mama alikuwa ameshachagua kwa simu: friji.

Baba akaja na picha.

Ilikuwa picha kuukuu iliyochorwa kwa rangi, imekuwa hudhurungi kwa uzee, ya nyumba ya watu wa Flandria, huko Ubelgiji, enzi za mababu zao. Chumba kimoja tu: moto, chungu kinaning'inia, mwanamke anamenya viazi, mwanamume yuko mezani, watoto na mbwa sakafuni. Mama aliitazama, akaguna.

"Baba Watoto, umetuletea jiko la wenyewe? Hili litapoza maziwa?"

Tangu hapo, kila maziwa yalipoharibika, Mama alituambia tungeyaweka kwenye picha. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mimi nilicheka kuliko wote, maana ulimi wangu nimeurithi kwake.

Mama alipofariki nilimleta Baba kwangu, Westlands. Alikuja na begi moja na ile picha. Niliitundika shingo upande, juu ya meza ya kulia. Jioni moja foleni ya magari ilinichelewesha, nikamkuta ameketi chini yake. Amepika, hajagusa chakula.

"Si ungekula tu, Baba?"

"Nimekula pekee yangu ya kutosha." Akaiinulia picha kidevu. "Hii ilikuwa dining ya madam. Kila jioni nikipakulia wageni, naiangalia. Najiambia, ona hawa, hawana kitu, lakini wote wako kwa nyumba moja. Wangu wako wapi?"

Nilivua koti, nikaliweka juu ya kiti.

"Na mbona hukumwambia Mama?"

"Nilitaka. Lakini nikifika nyumbani mnaanza kucheka hiyo picha, nyote, na mama yenu. Sasa ningewanyamazisha aje? Hiyo kucheka ndiyo nilikuwa nimekosa mwaka mzima."

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu yamekuja Mama akiwa hayupo wa kuambiwa. Nilipakua ugali na mboga, nikaketi karibu na Baba, tukala pamoja. Mama alikwenda kaburini akiamini kwamba mumewe, kati ya vitu vyote vya nyumba ile, hakumfikiria yeye.