Barafu Aliyoivuka Mama Edani

Binti yangu ana miaka kumi na mmoja na ana maoni juu ya kila kitu. Juzi alikuwa mbele ya kompyuta anacheza gemu moja ya safari, zile za kwenda nchi baada ya nchi ukitafuta ufunguo, au mtoto wa mfalme, au sijui nini. Mara akasonya. "Theluji tena! Mama, kwani kila gemu lazima iwe na pahala pa theluji? Mtu anateleza tu basi. Haina kazi hata kidogo."

"Kazi inayo," nikamwambia.

"Kazi gani?"

"Cheza, usinipigishe kelele."

Lakini suala lake likanikaa. Nakiri ana hoja. Wanaotengeneza gemu hizi wamezoea: msitu, jangwa, pango, theluji, moto, kama ratiba ya chakula cha bweni, leo maharage kesho maharage. Na sisi hapa Unguja, baridi yetu ni ya Julai, ukivaa sweta watu wanakucheka. Theluji yatuhusu nini? Hata hivyo akinijia mtu akanambia iondolewe, nitagombana naye, na mie nikigombana si mchezo.

Mashine yetu ya kwanza baba aliitoa Dubai, mwanzo mwanzo wa miaka ya tisini. Baba alikuwa na duka dogo la vitambaa mjini, akenda Dubai mara mbili kwa mwaka kuleta mzigo, na kila akirudi hakosi kitu cha kutushangaza. Safari ile akatoa katika sanduku mashine ya kijivu, pedi moja ya kuchezea, na kaseti moja tu. Maandishi yote ya Kijapani. Basi hadithi tukaitunga wenyewe. Palikuwa na kijitu cha kilemba cha buluu, na baba akatoa hukumu kwamba huyo ni mfanyabiashara kaibiwa mzigo wake, na sisi kazi yetu ni kumsaidia kuupata.

Msitu tukaumaliza. Jangwa tukalimaliza. Siku moja, mimi na kaka yangu na baba tumebanana juu ya mkeka, tukaingia pahala peupe pe pe pe.

"Mchanga wa kwao Mangapwani huu," baba akasema, akimtupia jicho mama. Mama yangu ni mtu wa shamba, wa Mangapwani, na baba alikuwa mtoto wa mjini wa kabila la Kiarabu, basi utani wa shamba na mji haukwisha nyumbani kwetu. Mama akaendelea kuchambua mchele wake.

Kijitu kikaanza kwenda. Baba akaachia kitufe ili kisimame. Hakikusimama! Kikaendelea chenyewe mpaka majini, kikafa. Baba akajaribu tena, kikafa tena. Kumi, kumi na tano. Akavua kofia akaiweka chini, na kwake hiyo ilikuwa alama mbaya.

"Nimeuziwa bovu," akasema.

Kesho yake akaipeleka pedi kwa fundi redio wa Mkunazini. Fundi akaifungua, akaisafisha kwa spiriti, akasema nzima. Kijitu kikazama vilevile. Baba akairudisha. Mara ya tatu akabeba na mashine yenyewe, kaifunga ndani ya kanga ya mama, mimi nimefuatana naye. Fundi akamuuliza kwa adabu, "Mzee, kwenye jangwa anasimama?"

"Anasimama."

"Na msituni?"

"Anasimama."

"Sasa ubovu gani huo unaochagua pahala?"

Baba akaona fundi hajui kazi. Njia nzima anaguna. Akaapa kwamba safari ijayo ataichukua mpaka Dubai, amtupie yule muuzaji mbele ya wateja wake.

Mtu atacheka, na acheke. Lakini barafu tuliyoijua sisi ni ya kwenye gilasi ya sharubati, au mapande wanayolazia samaki. Nani aliwahi kuikanyaga? Jangwa tulilielewa, jua tulilielewa. Ardhi inayokukataa mguu hatukuwa nayo habari.

Safari ya Dubai haikuwa. Baba alifia dukani, juu ya kiti chake, baina ya adhuhuri na alasiri, moyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, kaka yangu kumi na sita.

Mama akakaa eda. Kwetu mjane hutulia nyumbani miezi minne na siku kumi: hatoki ila kwa dharura, hatii wanja, hajifukizi udi, havai cha kupendeza. Mama akavaa nyeupe zake, akakaa juu ya mkeka pembeni mwa chumba, na tasbihi mkononi. Eda wanakaa wote, si hiyo iliyonitia hofu. Hofu yangu ni kwamba hakuwa akila. Ukimletea chai, inapoa. Ukimletea mkate, anaumega, anauweka. Ukimwita anasema "Naam," basi, halina la pili. Buibui lililobaki kwenye msumari lilikuwa na umbo zaidi kuliko yeye. Nilikuwa nikiamka usingizini nikienda kusikiliza kama anapumua. Nilishamzika mmoja, na nikaona wazi kwamba wa pili naye anakwenda, tena taratibu, mbele ya macho yangu, na mie sina la kufanya.

Aliyeshika nyumba alikuwa shangazi, dada yake baba. Mwanamke mrefu, mkali, akitia mguu mlangoni hata paka hukaa vizuri. Kila siku baada ya alasiri anakuja na bakuli la chakula. "Shikamoo shangazi." "Marahaba. Kala?" "Hajala." Anaguna. Siku ya msiba mwenyewe ndiye aliyeifunika televisheni kwa kanga na kusema asiifunue mtu. Hakulia mbele za watu hata siku moja, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwona hana moyo.

Arobaini ikasomwa, ikapita. Mchana mmoja, tumerudi skuli, kaka yangu akaifunua televisheni. Sauti akaizima kabisa. Hakutaka kucheza, nadhani. Alitaka kushika kitu alichokishika baba. Akaenda mpaka kwenye peupe, kijitu kikazama. Tena. Tena.

"Bovu," akasema kaka, na sauti ikamkatika.

"Si bovu."

Tukageuka wote wawili. Ilikuwa sauti ya mama, imekauka kama mlango uliokuwa umefungwa.

"Anateleza," mama akasema. "Hebu lete."

Akaishika pedi kinyumenyume, kaka akamgeuzia. Wacha nikwambie, mama hakuwahi kuigusa ile pedi hata siku moja. Akazama mara tatu. Mara ya nne kijitu kikafika kwenye jiwe la kwanza, kikasimama.

"Kwetu maji yakitoka," akasema, macho hayabanduki kwenye kioo, "tunakwenda kwenye miamba kutafuta pweza. Miamba ina ukoga, inateleza kama sabuni. Ukikimbia unaanguka. Ukisimama ghafla unaanguka. Unakwenda mdogo mdogo, mguu unaupa nafasi." Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu baba afe. Mimi nikatoka mbio hadi jikoni, nikarudi na chai na mkate wa kumimina. Akala kipande kizima bila kujijua, mkono mmoja kwenye pedi.

Toka siku hiyo, kila tukitoka skuli, tunacheza mpaka inakaribia alasiri, halafu tunaifunika televisheni kabla shangazi hajafika. Mashine ile haikuwa na kumbukumbu, ukiizima unaanza upya msituni. Basi televisheni tunaizima, mashine tunaiacha inawaka chini ya kanga, shangazi anakaa hapo anazungumza, na mimi nimekaa mbele yake nimeificha taa nyekundu ya mashine kwa mgongo. Siku moja umeme ukakatika. Safari ya siku tisa, yote ikapotea! Kaka akatukana, akaomba radhi. Nikamtazama mama, nikiogopa kwamba sasa atarudi pembeni kwake. Mama akapangusa pedi kwa upindo wa kanga.

"Haya," akasema. "Tuanze tena."

Na akawa anakula. Wali, samaki, hata akauliza mbona hamna pilipili.

Siku ya kufumaniwa hatukuisikia hodi. Shangazi alikuja mapema, na mama alikuwa juu ya barafu, katikati kabisa, pahala pabaya penye mawe yanayozama.

"Subhanallah! Wifi! Eda haijesha, kaka yangu hajakauka kaburini, na weye wacheza?"

Kaka akaruka azime. Mama akamzuia kwa kiwiko.

"Subiri wifi," akasema. "Nivuke hapa."

Ala! Hakuna aliyewahi kumwambia shangazi asubiri. Shangazi akabaki na bakuli mkononi, mdomo wazi. Mama akavuka jiwe la kwanza, la pili, la tatu, akafika nchi kavu. Ndipo akaiweka pedi chini, akainua uso. Alikuwa analia.

"Hapa ndipo alipokuwa akigombana napo," akasema. "Alisema kauziwa bovu. Kaipeleka kwa fundi mara tatu. Si bovu, wifi. Ni barafu. Nilitaka nimwambie, nikasema acha, nitamwambia kesho, nimcheke kidogo kwanza. Kesho yenyewe haikuja. Toka hapo mie kila nikikanyaga, ardhi haipo. Hapa tu ndipo nnapoweza kuvuka."

Shangazi akakaa kitako juu ya mkeka, yeye ambaye siku zote hukaa kitini.

"Alitaka kuirudisha Dubai?" akauliza.

"Amtupie muuzaji."

Shangazi akaanza kucheka. "Toka mdogo alikuwa hivyo! Akianguka, ana kesi na ardhi. Mama yetu akilazimika kuipiga ardhi ndipo anyamaze." Akacheka mpaka bakuli likamwagika, halafu kicheko kikageuka, akalia kilio ambacho nahisi alikuwa amekishikilia tangu siku ya maziko. Mama akamvuta kifuani. Mimi niliyemwona hana moyo nikatafuta pa kuficha uso. Alikuwa kafiwa na kaka yake wa pekee, na hakuna aliyempikia bakuli.

Alipopangusa machozi, akatazama huku na huku kama mwizi. "Funga mlango huo," akamwambia kaka. "Na mtu wa nje asisikie habari hii. Haya wifi, nioneshe."

Alikuwa hajui, hajui, hajui. Alikuwa anakibonyeza kitufe kama anabisha hodi kwa mtu aliyemdai. Kijitu kinapiga mbio, kinazama. Akiogopa, anakisimamisha ghafla, kinazama. Na mama kando yake, bega kwa bega, anamwambia neno lile lile kila mara: "Usikimbie, wifi. Na usisimame." Tukawa wanne. Bakuli la alasiri likawa linaletwa saa nane.

Gemu yenyewe hatukuimaliza. Mwisho wa barafu palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango nchi ya moto mtupu. Mama akaitazama, akasema, "Moto nnao jikoni," akaiweka pedi chini, na hakuishika tena.

Siku ya kutoka eda shangazi alikuja asubuhi na doti mpya ya kanga na chetezo cha udi. Mama akaoga, akafukizwa, nywele akasukwa. Akavaa buibui lake, na sasa buibui lilikuwa na mtu ndani. Wangekwenda kwa shangazi tu, mitaa miwili, kunywa chai. Akateremka ngazi mwenyewe, mie nyuma yake nimembebea mkoba. Shangazi akatangulia, akatoka, akageuka.

Mama alikuwa amesimama kizingitini, mkono umeshika mwimo wa mlango. Nje hapakuwa na kitu. Ukuta wa jirani, paka, mwanamke anapita na kikapu cha sokoni.

"Wifi, vipi?"

"Humu ndani bado nnamngojea," mama akasema, polepole. "Nikitoka, basi tena. Ndiyo kweli kafa."

Nikatamani nimrudishe juu, nimfungulie mashine, tuanze tena kutoka msituni. Nikamtazama shangazi, nikitegemea ile sauti yake ya amri. Hakuamrisha. Alirudi mpaka kwenye baraza, akanyoosha mkono.

"Usikimbie, wifi," akasema. "Na usisimame."

Mama akauachia mwimo, akatoa mguu wa kulia, akauweka nje.