Poda Ikiwa Hewani

Foto iliyonitesa kuliko zote nilizopiga Kindu haikuwa ya mkubwa wa Serikali wala ya maiti. Ilikuwa ya kopo la poda.

Kwetu mtoto akifaulu mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari, watu wa nyumbani wanammwagia poda kichwani, poda nyeupe ya watoto wachanga, mpaka anafanana na mtu aliyelala ndani ya gunia la unga. Anatembea hivyo mtaa mzima na hakuna anayemwambia ajifute. Mimi sikumwagiwa. Niliacha shule kijijini Tunda nikiwa mwaka wa tatu wa primeri, baba akasema jembe halina mtihani. Alikuwa na haki, ila jembe nalo sikulishika sana.

Anayemwaga kwanza ni mkubwa wa nyumba, kisha majirani wanakuja na makopo yao. Kwa hiyo mpiga foto ana nafasi moja. Kichwa kikishakuwa cheupe, kwisha, huwezi kumwambia mtu akaoge ili muanze upya.

Sasa nirudi wakati wa vita. Treni ilikuwa imekatika, na pelikule, ile mikanda ya foto zetu, zilikuwa zinakuja na treni. Chumvi ilipata njia nyingine, kwa ndege, kwa baiskeli, kwa kichwa cha mtu. Pelikule hakuna aliyeibeba kichwani. Zilipokwisha, sisi wapiga foto wa mji huu tulianza kupiga tupu. Unashika aparei, unafunga jicho moja, unabonyeza, inalia kacha, mtu anafurahi, ndani hakuna kitu. Sitetei. Mpiga foto aliyesema sina pelikule alikuwa mtu asiye na kazi, na mtu asiye na kazi wakati ule alitazamwa vibaya.

Hapo mtaani Mikelenge kulikuwa na mama mmoja, watu wake wa Kasai, mume wake alikuwa fundi wa reli na alikuwa amekwisha kufa. Mtoto wake wa kwanza alifaulu mtihani katikati ya vita. Mama alipata poda sijui wapi, nusu kopo, akaniita. Nikaenda na aparei tupu. Alimwaga, nikabonyeza, kacha, akacheka, nikaenda zangu. Niliwaza: treni ikirudi nitampiga kijana huyu vizuri, amevaa shati, amesimama.

Kijana hakungoja treni. Alifuata reli kwa miguu kwenda upande wa Katanga kutafuta kazi ya baba yake. Hakuna barua iliyorudi, wala mtu aliyesema nilimwona. Baadaye mama akaniuliza foto, tumetoka kanisani, watu wanapita.

Nikasema, “Unyevu, mama. Unyevu umekula pelikule.”

“Aah,” akasema. “Unyevu.”

Hakuniuliza tena. Foto nyingine ya yule kijana akiwa mtu mzima haikuwapo.

Miaka ikapita, treni ikarudi kwa namna yake, ikakatika, ikarudi. Mtoto wa dada yangu akaniletea kutoka Goma aparei ya kisasa, ndogo kama sabuni, isiyotaka pelikule. Nilidhani nimepona. Siku ya kwanza nikavuka mto kwenda harusi Alunguli. Nikarudi na foto arobaini za watu ambao wamekwisha pita: kisigino cha bibi harusi, mgongo wa mcheza ngoma, mbuzi nusu. Aparei ya zamani ukibonyeza inapiga hapo hapo. Hii unabonyeza, inafikiri. Inatafuta macho yake, inawasha kitaa chekundu, inawaza tena, ndipo inapiga. Watu waliosimama hawajui. Kwa mtu anayetembea ni balaa.

Basi mwaka juzi yule mama wa Mikelenge akaja kwangu mwenyewe, na fimbo. Mjukuu wa kike aliyemlea amefanya mtihani.

“Matokeo yanakuja kwa simu siku hizi,” akasema. “Nataka uwe pale. Nitamwaga mimi. Nataka poda ikiwa hewani. Si kichwani, papa. Hewani.”

“Kwa nini hewani, mama?”

“Kichwani inaweza kuwa mvi. Watu watasema nimepiga foto ya mzee mwenzangu.”

Nikacheka. Lakini alipoondoka nilihesabu. Mama yule hatamwaga poda mara ya tatu maishani mwake, na mimi nilikwisha mdanganya ya kwanza.

Nikaanza kujifunza, mzee mzima. Nikamwomba bibi yangu wa ndoa asimame uani na kopo la majivu, amwage juu ya kigoda. Unga alikataa.

“Unga ni wa kula,” akasema. “Ukitaka kumwaga unga, oa mwingine.”

Siku ya kwanza kila foto ilikuwa kigoda cheupe na majivu chini. Nikawaza, labda nihesabu. Nikasema moja, mbili, tatu. Kufika tatu, bibi yangu akasimama wima, kopo juu, shingo imenyooka, hata kupumua hapumui.

“Mwaga basi.”

“Si umesema tatu? Tatu watu hawatingishiki.”

Alikuwa na haki. Miaka thelathini nimewafundisha watu wa mji huu kwamba tatu ni kuwa mti. Nikaacha kuhesabu.

Mtoto wa dada yangu akanifundisha kwa simu mambo matatu manne. Kile kitaa chekundu cha macho nikizime, kinakula muda bure. Kitufe nikibonyeze nusu kwanza, kwa kitu kilicho mbali sawasawa na kile nitakachopiga, nikishikilie hapo hapo. Hapo aparei imekwisha tafuta macho yake, ikibaki nusu ya pili haifikiri tena. Na nisiiache ilale, maana kuamka kwake ni kama kuamka kwa mlevi. Nikajaribu. Majivu yakaanza kuonekana, mkia wake tu, yakigusa kigoda.

Lililobaki hakunifundisha mtu, na lilikuwa ndani ya kidole changu. Wakati wa pelikule, nazo zilipokuwa chache, nilijizoeza kutobonyeza mpaka nimeona kwa macho. Ona kwanza, piga baadaye, usiharibu. Kwa aparei hii ukiona umechelewa. Ilibidi nibonyeze kabla, wakati kiwiko cha bibi yangu kinaanza kupanda na majivu yangali ndani ya kopo. Kubonyeza kitu ambacho hakijakuwapo kulinishinda juma zima. Bibi yangu alimaliza majivu ya jiko letu, akaomba ya jirani.

Siku ya matokeo nilikaa katika uwanja wa mama tangu asubuhi. Betri ilikuwa moja. Aparei haikutakiwa kulala, nayo betri haikutakiwa kwisha, basi nilikaa nikiigusagusa kama mtu mwenye mtoto mgonjwa. Nilipima hatua kutoka kiti changu hadi mlangoni, nikaweka jiwe.

“Utapiga jiwe?” mama akauliza kutoka ndani.

“Nitapiga mjukuu wako akisimama hapo.”

“Mwambie wewe. Mimi hanisikii.”

Simu ikalia saa nane. Msichana akasoma, akapiga kelele moja, akatoka mbio, akalipita jiwe. Mama alikuwa nyuma yake na kopo, bila fimbo. Majirani walikuwa wameanza kuingia. Nikarudi hatua mbili, nikabonyeza nusu juu ya bega la msichana, nikashikilia. Sikumtazama usoni. Nilitazama kiwiko cha mama. Kikapanda, nikamaliza kubonyeza.

Halafu palikuwa peupe tu, watu wanakohoa na kuimba.

Watu walipopungua mama akaja kukaa karibu yangu. Nikamwonyesha. Kopo limeinama, poda imetoka na haijafika, imesimama hewani kama kitambaa, na chini yake nywele za msichana ni nyeusi kabisa. Macho amefunga, mdomo wazi. Mkono wa mama unaonekana mpaka kwenye bega.

Akatazama sana. Kisha akasema, “Safari ile hukuzungusha.”

Nilijua mara moja anasema nini. Aparei ya zamani ukishapiga unazungusha kwa kidole gumba, ili pelikule isogee. Ikiwa tupu, unazungusha nini?

“Nilikuwa natazama kidole chako, papa. Hakikuzunguka.”

“Ulijua, mama?”

“Siku ile ile. Nikasema, huyu amekosa pelikule, anaona haya. Treni ikija atarudia.”

Nikasema nisamehe, akapuuza kwa mkono, ule ule wenye poda.

“Hii haizungushwi?” akauliza.

“Haizungushwi.”

“Basi nionyeshe tena, nijue iko ndani.”

Alama ya betri ilikuwa nyekundu. Nikamwonyesha tena.