Jina la Zaina Nililiweka Mimi

Admin, ficha jina langu, ingawa watu wa Buyenzi wakisoma watanijua tu. Nina miaka hamsini na mbili, baba wa watoto wanne, na kuna jambo linaninyima raha tangu wakati wa vita.

Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye depo moja ya dawa hapa Bujumbura. Ndani ya hifadhidata niliandika prosedure, yaani amri maalumu, ya kutoa dawa: programu ya kwenye kompyuta za wafanyakazi ikiiita, dawa inapungua stoo na jina la aliyeiita linabaki kwenye kumbukumbu. Kila mtu alipaswa kuwa na jina na neno lake la siri. Lakini siku za risasi wengi hawakufika, na desturi yetu ilikuwa aliyefika afanye kazi ya asiyefika. Basi kwa uvivu wangu nikaliandika jina la Zaina, mtunza stoo, pamoja na neno lake la siri, ndani ya programu yenyewe kwenye kompyuta zote tatu za depo. Yeyote aliyebonyeza alihesabika Zaina. Baadaye nilimwomba bosi siku mbili nirekebishe, akanicheka kwamba nchi inawaka na mimi nahangaika na funguo.

Siku moja wiki hiyo mtaa wa Kanyosha ulipigwa mabomu, Zaina akashinda kwake huko chini ya kitanda na wanawe. Siku hiyohiyo insulini yote ikatoka stoo. Karatasi ya kumbukumbu za mashine ikasema aliyeitoa ni Zaina. Alilia, akaeleza kwamba barabara ilifungwa. Bosi akamjibu, "Mashine haina kabila, mama. Haiwezi sema uongo."

Mimi nilikuwa nimeshachungulia ndani ya mashine: amri ya kutoa insulini ilitoka kwenye kompyuta ya bosi mwenyewe. Nikafyata mkia. Nilijiambia nina mama mgonjwa na kazi hazipatikani. Zaina akafukuzwa, na mpaka leo wapo wanaomwita mwizi wa dawa za wagonjwa. Bosi ameshafariki, hata wa kugombana naye sina. Najichukia.

Juzi Zaina alikuja nyumbani. Binti yake anaolewa. Akaniambia, "Mi nataka we ukuwe shahidi wa ndoa. Kule kazini bote walinikimbia, ni we tu uliendelea kunisalimia. Nataka mutu mwenye anasemaka ukweli."

Nilikubali, jamani. Nikisema sasa, nitaivuruga harusi ya mtoto. Nikinyamaza, nitakaa mbele ya shehe nikihesabiwa mwadilifu, na mama yule akinishukuru. Nishaurini, nimwambie lini? Ndoa ni Ijumaa hii.