Siku Babu Alipohama Meza ya Mkuu

Nilianza ukiranja wa taaluma nikiwa kidato cha tatu, na sikuuomba. Mwalimu wa taaluma, anayesimamia mitihani yote ya shule, aliniita akanipa boksi la chaki. "Wewe huongei," alisema. "Matokeo hayatavuja." Wenzangu wakacheka. Mimi nikatazama viatu.

Nawaandikia nyinyi wa kidato cha kwanza mjue kazi yenyewe. Kila muhula shule za serikali za huku Kibondo na jirani zetu wa Kasulu hufanya mtihani mmoja, unaitwa ujirani mwema. Walimu husahihisha kwa kubadilishana, asiwepo wa kuwahurumia wanafunzi wake. Kisha shule zinapangwa kwa wastani, na kiranja anasoma majina mstarini, akianzia shule ya mwisho. Hiyo ya mwisho inapewa kinyago.

Kinyago chenyewe ni mzee wa mti, kidevu kirefu, mdomo wazi kama ameulizwa hesabu. Kilikaa mezani kwa Mkuu wetu wa shule mihula mingi mpaka tukakiita Babu. Wageni wa kidato cha kwanza wakiingia ofisini walianza kukiamkia chenyewe kwa Kiha, "Mwakeye, Babu," ndipo wamsalimie Mkuu.

Mkuu alikuwa anakaribia kustaafu. "Sitaki kumwachia mwenzangu meza yenye huyu mzee," alituambia. "Nisaidieni atangulie kuondoka."

Basi tukasoma. Tukitoka kuvuna maharage tunarudi darasani, anayejua Fizikia anamfundisha asiyejua, kwa Kiha kwanza, halafu kwa Kiingereza cha mtihani. Hata mimi nilifundisha, ila niliuangalia ubao kuliko watu.

Siku ya matokeo Mwalimu wa taaluma alinipa karatasi iliyokunjwa. "Usiifungue mpaka ufike mbele." Nilipofika, mistari ya nyuma ilikuwa imeshaanza kunitajia jina la shule yetu, kwa mazoea tu. Nikafungua. Nikasoma kimoyomoyo, nikarudia. Jina la mwisho halikuwa letu. Lilikuwa la jirani zetu wa ng'ambo ya mto.

"Kwa sauti, mwanangu," Mkuu akasema.

Nikasoma. Vigelegele. Jina letu lilifuata palepale, la pili kutoka mwisho, na hakuna aliyelisikia. Hata waliokuwa wa kwanza sidhani kama kuna anayewajua mpaka leo. Mama mpishi alitoka jikoni na mwiko wake. "Tumekuwa wa kwanza?"

"Wa pili, mama."

"Kutokea wapi?"

"Mama, wewe cheza tu."

Akacheza. Mkuu alimfuta Babu vumbi, akamfunga kwenye kanga. "Uende vizuri, mzee," akamwambia. "Kwetu umekaa vya kutosha."

Sasa namaliza kidato cha nne. Mkuu yuko kwake anapalilia migomba, na mimi nimestaafu pia: chaki nimemkabidhi binti wa kidato cha tatu mwenye aibu kunishinda. Jana alininong'oneza, "Dada, na Babu akirudi?"

Nikampeleka dirishani kwa Mkuu mpya. Pale alipokuwa anasimama Babu pamebaki alama ya duara, na juu yake kuna chupa ya chai.

"Akirudi atasimama wapi?" nikamuuliza. "Nafasi imejaa."