Askari wa Plastiki Wenye Rangi za Ng'ombe

Sheria ya kwanza kwenye ile karatasi ya mashindano ilisema askari asiye na rangi haingii mezani. Ya pili ilisema kila mmoja awe na rangi tatu au zaidi. Ya tatu, kitako chake, kile kiduara anachosimamia, kimalizwe, kisiachwe plastiki tupu. Mimi nilifika darasa la nne tu, kwa hivyo rafiki yangu Mkongo alinisomea mara mbili. Mara ya pili nikaelewa. Nilitaka wanaume wangu ishirini na wawili wasimame juu ya meza ya mashindano kule Lodwar, mbele ya watu, siku moja. Kushinda sikutaka.

Huyo Mkongo ni mwalimu huko kambi ya wakimbizi, Kakuma. Kuna mgeni aliyemaliza kazi yake akaenda kwao, akamwachia makatoni ya askari wa plastiki, warefu kama kidole gumba, na dadu, na utepe wa kupimia. Watu wawili wanapanga majeshi yao mezani, wanapima hatua, wanarusha dadu, wanapigana. Watu wazima na kazi zao. Mwalimu alinitafuta kwa sababu mimi ni mchora mabango ya maduka, nina brashi, na mkono wangu hautetemeki. Mguu ndio mbovu.

"Papa, wewe utapaka hawa," akaniambia. "Mimi nikipaka, macho inakuwa kama ya samaki."

Akanipa na picha. Askari wa zamani wa Ulaya, koti la buluu, suruali nyeupe, wote sawasawa. Niliitazama, nikaigeuza chini.

Kwetu mwanamume ana maksai wake. Anamchagua, anamkunja pembe, anamwimbia, na watu wanamwita mwenyewe kwa rangi ya yule maksai. Ukiona kwa mbali mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, umemwona mwenyewe. Kwa hivyo nilipokaa na wale askari wa kijivu mbele yangu, sikuona koti la buluu. Niliona boma letu. Nikaanza na kaka yangu, mweupe mwenye masikio meusi na madoa mekundu shingoni. Hizo ni rangi tatu tayari. Nikaendelea. Brashi nilijitengenezea kwa nywele za sikio la mbuzi, na rangi ya mabango nikaizimua mpaka ikawa kama chai, maana ikiwa nzito inafunika uso wote, mtu anabaki bila pua.

Niliwapaka wote waliokuwa bomani asubuhi ile tuliyovamiwa, waliokufa, kaka yangu akiwemo, na tuliopona. Mimi ni yule wa kijivu mwenye baka jeusi na tumbo jeupe. Bunduki walizokuja nazo hao wa plastiki niliwaachia, ingawa siku yenyewe tulikuwa na sita tu. Mchanga wa vitakoni niliutoa kule kule bomani, upande wa mpaka, nikaubeba kwa mkebe wa maziwa ya unga.

Waliopiga risasi siwajui. Walikuja kabla ya jua, wakapiga, wakaswaga ng'ombe, wakaenda. Ninaowajua ni watatu. Wa kwanza ni mkubwa wa serikali wa eneo letu. Aliambiwa siku tatu kabla kwamba wezi wanakuja, na kaka yangu mwenyewe, akasema atapiga simu. Wa pili ni homgadi wetu, mlinzi wa kijiji, aliyepewa bunduki ya kutulinda akaiazimisha kwa majambazi wa barabarani. Wa tatu ni mfanyabiashara wa lori. Lori lilikuwa limeegeshwa porini tangu jana yake, likisubiri ng'ombe ambao bado walikuwa kwetu wamelala. Majina yao siandiki. Wanajijua, na watu wa kwetu wanawajua, na hakuna aliyewahi kuulizwa kitu. Huyo wa lori ana duka Lodwar sasa. Bango lake nililichora mimi. Herufi nyekundu, alitaka nyekundu. Iliyobaki kwenye mkebe ndiyo niliyopakia madoa ya kaka yangu, kwa sababu sikuwa na nyekundu nyingine.

Mwalimu aliniuliza kama nitawapaka na hao watatu, wawe maadui. Nikamwambia plastiki ni ya kutosha lakini rangi sina.

Tukaenda Lodwar. Ukumbi una feni mbili, moja haizunguki. Mwamuzi alikuwa kijana wa ofisini, ametoka Kenya, kwa maana huku kwetu ukivuka Kitale ndio unasema umefika Kenya. Alikuwa na shati safi na adabu. Aliinama kwenye trei yangu muda mrefu.

"Mzee wangu, wamepakwa vizuri. Vizuri sana, kusema ukweli. Lakini hili si jeshi."

"Si jeshi," nikamkubalia.

"Sasa umeleta nini?"

"Wanaume."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Angalia mwenzako," mwamuzi akasema. "Koti moja wote. Nikisimama kule mlangoni najua ni wa nani. Wako nikisimama kule naona soko la mbuzi."

"La ng'ombe."

"Haya, la ng'ombe. Lakini upande mmoja lazima ujulikane ni upande mmoja, mzee. Nikiwaruhusu hivi, yule mwenzako atanilalamikia."

Mwalimu akanivuta kando. Alikuwa na kopo la rangi ya kupuliza. "Papa, tupige nyeusi, dakika kumi tu. Hawa wote. Nyumbani utapaka tena."

"Ukipuliza hilo," nikamwambia, "utarudi Kakuma peke yako."

"Bon. Basi tubebe, twende."

Nilianza kuwarudisha kwenye katoni. Nilikuwa nimeshaweka wanne mwamuzi aliposhika mmoja, akamtazama miguuni.

"Huu mchanga ulinunua wapi? Unakaa kama wa kweli."

"Ni wa kweli."

Akafikiri. "Tufanye hivi. Huu ukingo wa kitako, huu mzunguko wa pembeni, wote upake rangi moja. Hapo watakuwa wametoka mahali pamoja. Ikauke, isikauke, nitawaruhusu."

Nikakaa sakafuni karibu na mlango, kwenye upepo, nikapaka. Nyeusi ya fremu za mabango. Duara ishirini na mbili. Mwalimu alikuwa akinipokea mmoja mmoja, akiwashika kwa kichwa. Kisha wakapanda mezani, wakasimama. Watu walikuja kuwatazama. Soja wa lango, mtu wa kwetu, aliingia na rungu lake, akanisalimia ejok, nami nikamjibu ejok. Akapita na kidole juu yao bila kuwagusa, akataja rangi ya kila maksai kwa kunong'ona, kwa midomo tu, hadi wa mwisho. Akarudi langoni.

Hapo ndipo nilipaswa kuondoka. Kosa lililofuata ni langu, simpi mtu. Nilikuwa nimefikiria rangi miezi mitano, na mchezo sikuufikiria. Kakuma nilikuwa nimewaona wakicheza, nimeona askari wakiondolewa mezani, lakini niliona kama unavyoona mvua ikinyesha kwa wengine.

Mpinzani wangu alikuwa karani, kijana mpole. Akarusha dadu, akahesabu.

"Samahani mzee. Wawili. Huyu na huyu."

Wa kwanza alikuwa wa kijivu. Akanishika kichwa kwa vidole viwili, akaniweka pembeni.

Nikarusha zangu, mwalimu akinisomea. Karani akarusha zake. Samahani mzee, watatu. Samahani mzee, mmoja. Kila alipomtoa mtu nilimlaza ubavu ukingoni mwa meza, nikifuata nyumba zao, baba na wanawe pamoja.

"Kwani unawapanga?" karani akauliza.

"Cheza tu."

Dadu hazikujua kitu. Sisi tuliopona siku ile zilituua mapema, sote. Waliokufa zikawachelewesha. Mwisho alibaki mmoja katikati ya meza, mweupe mwenye masikio meusi. Mwamuzi akatazama saa, akasema muda umeisha, karani ameshinda, ila kwa rangi mimi nimepata alama zote. Watu wakapiga makofi. Karani akanipa mkono wake, nikaupokea.

Nilimtazama kaka yangu amesimama. Nilingoja nisikie kitu, uchungu au hata furaha. Nilisikia feni.

Nikawarudisha kwenye katoni, waliolala kwanza. Yeye nilipomshika hakutoka. Rangi ya ukingo ilikuwa bado mbichi, ikamgandisha mezani. Nikambandua polepole kwa ukucha. Mwalimu akataka kupangusa meza na kitambaa, nikamwambia aache. Pale alipokuwa amesimama ilibaki pete nyeusi, ndogo, kwenye meza ya watu.