Difu Niliyosema Inafaa

Kaka yangu alivunja shafti mbele ya geti la kwetu, Madale, siku ileile aliyofunga tairi laini za mashindano kwa mara ya kwanza. Hakuwa akishindana na mtu. Alitaka tu kutuonyesha jinsi gari litakavyochomoka. Alipoachia klachi tulisikia mlio kama wa nondo inayodondoka kwenye zege, kisha gari likabaki palepale, injini ikinguruma bila kusukuma chochote. Tairi la nyuma upande wa kushoto lilikuwa limejitokeza nje, limeinama kama linataka kuondoka peke yake.

Mama alikuwa mlangoni. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana namna ya kuuliza swali ambayo humfanya mtu mzima asimame wima.

"Na kama ungekuwa kwenye mwendo?"

Kaka alifuta mikono kwenye suruali. Nilikuwa na jibu, maana nilikuwa nimeshalifikiria muda mrefu kabla shafti haijakatika: tairi lingetoka, na gari lingefuata njia yake.

Mama akanielekezea kidole. "Gari hili halitoki kwangu mpaka huyu aseme linafaa. Yeye ndiye amesoma."

Nilikuwa nimemaliza chuo, uhandisi mitambo, na bado natafuta kazi. Mie ni mtu wa kurudi kuangalia kama nimefunga mlango, kisha kurudi tena kuangalia kama wakati wa kuangalia sikuufungua. Mtu wa namna hiyo akipewa neno la mwisho juu ya uhai wa kaka yake, hawezi kula vizuri.

Mashindano yenyewe ni rahisi kuyaeleza. Gari mbili zinasimama sambamba kwenye barabara iliyonyooka, zinaachiwa, na ya kwanza kufika mwisho ndiyo mshindi. Hakuna kona. Kazi yote ngumu iko kwenye ile hatua ya kwanza, gari linapotoka kusimama, na kwenye hatua hiyo mzigo wote unaishia kwenye difu, yaani mhimili mzima wa nyuma: gia zilizo katikati ndani ya ganda la chuma, na shafti mbili zinazotoka humo kwenda kuzungusha tairi. Kaka, ambaye kazi yake ni kufunga redio za magari pale Ubungo, alikuwa ametengeneza kila kitu mbele ya difu. Injini aliikuza. Gia aliziimarisha. Difu aliiacha ileile iliyokuja na gari, gari la familia, la kwendea kanisani na sokoni.

Gereji ya fundi wetu iko chini ya mteremko. Nilipofika asubuhi iliyofuata nilimkuta kaka yangu ameshamweleza kila kitu, na fundi ameshapata jibu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, injinia. Usijali, difu ninayo. Ya basi dogo la abiria. Hiyo inabebaga watu wamesimama mpaka mlangoni, na matenga yao ya nyanya juu. Huyu braza wako ana kilo ngapi?"

"Na nimekonda," kaka akasema.

Walicheka wote wawili. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu. Hilo ndilo kosa ambalo nimelisikia kwenye kila gereji ya mji huu. Uimara wa gari kwetu unapimwa kwa shehena. Ukitaka kusifia gari unasema limebeba mifuko mingapi ya saruji kupanda mlima. Kwa hiyo mtu akitafuta difu ngumu, anatafuta iliyobeba mzigo mkubwa.

"Fundi," nikasema, "boliti ya tairi la lori si inabeba lori mwaka mzima?"

"Inabeba."

"Ukichomeka bomba kwenye spana ukavuta?"

"Inakatika. Hata jana nimekata mbili."

"Basi hiyo boliti haikushindwa kubeba. Imeshindwa kusokotwa. Injini ya kaka na gia ya kwanza, hilo ndilo bomba lako. Na zile tairi mpya ni kutu inayoishika boliti isizunguke. Zamani tairi lilikuwa linateleza, shafti inapona. Sasa halitelezi, linang'ang'ania. Lazima kitu kikatike."

Fundi aliacha kufuta spana. "Kwa hiyo tatizo ni tairi nzuri."

"Ndiyo."

"Braza, umenunua tairi nzuri za kukuvunjia gari," alisema, na kicheko chake safari hii kilikuwa kirefu zaidi. Lakini akavuta kigoda akanipa nikae, kitu ambacho hakuwahi kunifanyia.

Nilitaka vitu viwili. Kwanza, shafti nene, za chuma kizima. Pili, nilitaka difu za aina ile ya malori, ambazo tairi limekalia ganda lenyewe na shafti inafanya kazi moja tu, kuzungusha. Unafungua boliti za nje, unaichomoa shafti kama upanga kwenye ala, na tairi linabaki mahali pake. Maana yake hata ikikatika, gari litasimama likiwa na tairi zake zote. Niliwaza juu ya shafti nene kwa ajili ya ushindi, na juu ya hilo la pili kwa ajili ya mama.

Shida ya difu za malori ni upana. Zimetengenezwa kwa gari pana kuliko letu.

"Hiyo si ishu," fundi akasema. "Tunakata ganda, tunakata shafti katikati, tunaunga, tunapiga msasa. Nimeunga shafti nyingi, zinatembea mpaka leo."

Alikuwa akisema kweli. Zinatembea. Gari la kupeleka watoto shule haliulizi shafti swali gumu. Lakini shafti ngumu inapata ugumu wake kwa moto uliopimwa kiwandani, na moto wa kuunga unaufuta ugumu huo mahali palepale palipokatwa. Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ndogo, nikajaribu kuongeza maelezo ili isisikike kama hapana, lakini ilikuwa imeshatoka.

Kaka akapandwa na hasira. Siku ya mashindano ilikuwa inakaribia na yeye alikuwa ameshajigamba kwa watu wa Kinondoni.

"Dogo, wewe kila kitu hapana. Sasa ndiyo ni ipi?"

"Nitaitafuta."

Nikaanza kuzunguka kwenye yadi za spea za mtumba za Temeke nikiwa na futi kamba. Nilikuwa nainama chini ya kila lori dogo lililokufa, napima kutoka tairi hadi tairi, natoka na vumbi magotini. Wauzaji walinizoea haraka.

"Sista, unapima kitanda?"

"Mwache, anatafuta mchumba wa saizi yake."

Mie kwa kawaida kejeli kama hizo hunifanya nijifungie nyumbani wiki nzima. Safari ile sikuwa na nafasi ya kuona aibu. Niliogopa zaidi kukosea milimita kuliko kuchekwa, kwa hiyo kila difu niliyoikubali niliipima upya, na kila niliyoikataa niliirudia kuhakikisha sijaionea.

Niliipata nyuma ya yadi, chini ya kilori chembamba kilichokuwa kikisambaza mitungi ya gesi kwenye vichochoro. Kwa sababu ya vichochoro ndiyo kilitengenezwa chembamba. Shafti zake zilichomolewa zikiwa nzima, nene karibu kama kifundo cha mkono wangu, meno yake hayajalika. Nikapiga alama ya chaki, nikazungusha gia kwa mkono nikihesabu mizunguko, nione kama zilikuwa za mwendo wa pole kupita kiasi. Zilikuwa za pole, lakini injini yetu ingefika mwisho wa barabara kabla haijaishiwa pumzi. Nikakaa juu ya rimu nikitafuta sababu ya kuikataa. Nilitafuta kwa muda. Sikuipata.

Tulipoifunga, fundi alichomelea vikalio vya springi kwenye ganda, si kwenye shafti, na kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba nilipitisha kidole juu ya weldi kwa raha tu. Lakini hata difu ile nyembamba ilizidi gari letu kidogo, tairi zikatokeza nje ya mwili wa gari pande zote mbili. Kaka alirudi nyuma hatua kadhaa kulitazama.

"Limevaa viatu vya baba yake," akasema.

"Na litakuwa zito zaidi," nikamwambia. "Utapoteza kasi kidogo."

"Nipoteze kasi na sura?"

"Ndiyo."

Akamwambia fundi alete nyundo wapanue matao ya tairi.

Jioni ile mama alitoka uani. "Haya. Linafaa?"

Nikamweleza habari ya kubeba na kusokotwa, moto wa kiwandani, na difu ambazo shafti haibebi tairi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Sikukuuliza hayo."

"Linafaa, mama."

"Basi nitakuja kuangalia."

Alikuja kweli, Jumapili, moja kwa moja kutoka kanisani, na mwavuli na gauni la kitenge. Barabara ilikuwa ya ndani ya eneo la viwanja vipya, ng'ambo ya Chamazi, na mwenye eneo alikuwa ameturuhusu kabla nyumba hazijajengwa. Waandaaji waliweka kamba pande zote mbili na gari la huduma ya kwanza. Mama alisimama karibu nami. Gari la kaka liliposogea kwenye mstari niligundua kuwa mama halitazami. Ananitazama mimi. Nikajitahidi uso wangu ubaki uso wa mtu aliyesema linafaa.

Likaondoka. Halikutoa mlio wowote mbaya. Likafika mwisho, la pili, nyuma ya gari jekundu la Kinondoni, na raundi moja ilikuwa bado imebaki.

Liliporudi nilikuwa nimeshapiga magoti pembeni yake na spana. Hapo ndipo uzuri wa difu ile ulipoonekana: tulifungua boliti, tukachomoa shafti zote mbili bila hata kupiga jeki. Nilikuwa nimezipiga mstari mwembamba wa rangi nyeupe kwa urefu wake wote kabla ya kuzifunga. Chuma kikisokotwa kupita uwezo wake hakirudi, na mstari hupinda kama mzabibu. Mistari yangu ilikuwa imenyooka. Nilimwonyesha fundi. Naye aliigeuza juani, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa.

"Hii haijui hata kama imefanya kazi."

Kaka aliinama, akazungumza kwa sauti ya chini. "Dogo, nilikuwa naihurumia. Sikuachia klachi yote. Niliogopa." Akasita. "Raundi ya pili niikanyage yote?"

Kichwani nikaanza kama kawaida: labda boliti, labda weldi, labda lami ya joto inashika zaidi kuliko asubuhi. Nikayapitia yote, moja baada ya jingine, kama nilivyoyapitia nyumbani, na kila moja lilikuwa na jibu. Sikuwa na hofu mpya. Zilikuwa zilezile, na nilishazimaliza.

"Kanyaga yote," nikasema.

Mara hii gari liliinua pua. Tairi za nyuma zilijikunja ubavuni, zikang'ata lami, na lile jambo ambalo mwili wangu wote ulikuwa ukilisubiri, mlio wa nondo kwenye zege, halikuja. Kilichokuja ni kelele za watu. Gari letu lenye viatu vya baba lilikuwa mbele tangu hatua ya kwanza, na jekundu halikulipata tena.

Fundi alikuwa anaruka. Mie nilikuwa bado nimeshika spana. Nilipogeuka kumtafuta mama, nilimkuta amehamia kivuli cha turubai, anazungumza na mwanamke mmoja asiyemfahamu, mwavuli umefungwa, anautumia kuelekeza kule mbali gari lilikosimama.

"Ni difu," alikuwa akimwambia. "Binti yangu ndiye ameichagua. Shafti zake hazijaungwa, ni nzima nzima. Walitaka kuziunga, akawakatalia."